Kumpokea Aliye Nyuma

Kwetu mtu akimaliza mstari wake wa pamba hakai chini. Anakaza kanga kiunoni, anageuka, anaingia kwenye mstari wa mwenzake aliyebaki nyuma kwa upande wa mwisho, na anachuma akimfuata mpaka wanakutana uso kwa uso. Tunaita kumpokea. Hakuna anayekuamuru kufanya hivyo. Lakini ukijikalisha kivulini wakati mwenzako bado anahangaika na vitumba katikati ya shamba, jioni wote wanalo la kusema juu yako, na juu ya mama aliyekulea. Mama yangu alikuwa akitutania kwamba msichana asiyejua kupokea ataolewa na kisiki, na tulicheka, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kukaa.

Binti ninayemkumbuka hapa ni mtoto wa mdogo wangu. Mdogo wangu aliolewa mara ya pili kule Nassa, kwa watu wa ziwani, na mume mpya hakutaka mtoto wa mtu mwingine, basi mtoto akabaki na sisi, mimi na mama, kijijini nje kidogo ya Bariadi. Ananiita mama mkubwa. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika sekondari ya kata, kwa hiyo shuleni ilimbidi aniite madam, na alipojisahau akaniita mama mkubwa mbele ya darasa zima wenzake walimcheka wiki nzima.

Shambani hakuwa na mpinzani. Alichuma kwa mikono miwili, mmoja kulia mmoja kushoto, na pamba yake ilikuwa safi, haina majani wala fifi ile ya manjano inayoshusha bei. Alimaliza mstari wakati wengine tupo nusu, kisha unamwona huyo anakuja, anakupokea. Mkikutana alikuwa na mchezo wake: anakurushia kipande cha pamba usoni, halafu anacheka na kukimbilia mstari wa mwingine. Mama alimgombeza kwamba anachezea mali. Aligombeza huku anatabasamu.

Alianza kidato cha kwanza mwaka wa korona, yeye na rafiki yake, binti wa jirani yetu wa upande wa kisima. Walikuwa pamoja tangu darasa la kwanza, wakisuka nywele kwa mtindo mmoja, wakipanda baiskeli moja kwenda shule. Sasa, mtu wa mbali anaweza asielewe kidato cha kwanza ni kitu gani kwetu. Mtoto anazaliwa katika Kisukuma. Anakwenda shule ya msingi, anakutana na Kiswahili, na akishakizoea anaingia sekondari na kuambiwa kuanzia leo kila kitu ni Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Tunawapa wiki za mwanzo za kuwazoesha. Mwaka ule tulikuwa tumetoka tu kuzimaliza. Watoto walikuwa wameanza kufungua midomo, wanakosea, wanachekana, wanajaribu tena. Nilikuwa na matumaini nao, sitaficha. Ndipo shule zikafungwa.

Zilifungwa pamba ikiwa bado kijani. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni, hilo sikatai. Lakini redio ya nyumbani kwetu ilikuwa ya mama, na mama alitaka kusikia matangazo ya vifo na kwaya, hakutaka mtu wa kumweleza kuhusu pembetatu. Nilimfundisha mtoto mwenyewe, baada ya kazi, tukiwa tumetoka kujifukiza chini ya blanketi na majani ya mwarobaini, macho mekundu, jasho linatutiririka. Yeye alikuwa na bahati ya kuwa na mwalimu ndani ya nyumba. Nyumba nyingine zilikuwa na majembe, na pamba ilipopasuka zikawa na magunia.

Rafiki yake hakuwa hata na hayo. Baba yake alikuwa amehamishia ng'ombe Kimali kutafuta malisho, na shule zilipofungwa alikuja kumchukua binti akawapikie wachungaji. Nilikwenda kuongea naye. Alinisikiliza kwa heshima zote, akanikaribisha maziwa mgando, akasema, "Mayu," yaani mama, "shule imefungwa na serikali, siyo na mimi. Ikifunguliwa nitamleta."

Shule zilifunguliwa tukiwa katikati ya mavuno. Hakumleta. Aliletwa mvua za kwanza ziliposhuka, watu wanapanda. Aliingia darasani kwangu akiwa amerefuka, sketi imempanda magotini, ananukia moshi na maziwa, na badala ya salamu ya Kiingereza ya shule akapiga goti kidogo akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu." Darasa liliangua kicheko. Mimi nilimwitikia kama alivyonisalimia. Ningefanya nini?

Lakini wale waliomcheka hawakuwa mbali naye sana. Baadhi ya viti havikupata watu tena kabisa: wavulana walikwenda machimboni au kwenye bodaboda, wasichana waliolewa kimyakimya. Waliorudi, walirudi miili tu. Siku ya kwanza ya kufunguliwa niliandika ubaoni mlinganyo mmoja mwepesi, ule waliokuwa wakiutatua kabla ya kufungwa, nikauliza swali. Kimya. Nikauliza tena polepole. Kimya. Mwishowe mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Madam, hiyo lugha imetutoka. Tuongee Kisukuma tu." Walicheka, nikacheka nao, kisha nikatoka nje nikasimama nyuma ya darasa nikijifanya natafuta chaki. Nililia. Ile lugha mpya ilikuwa ndiyo kwanza inachipua, na sisi tulikuwa tumeiacha bila maji.

Watu walidhani itapita. Mwaka wa kwanza matokeo yalishuka, tukasema korona. Mwaka uliofuata yakashuka tena, na hapo ndipo tulipoanza kuitwa kwenye vikao. Mkubwa mmoja, aliyehamia kwetu kutoka mkoa wenye barabara za lami hadi mlangoni, alisimama akatuambia, "Walimu, korona ilishaisha. Mmebweteka. Msijifiche nyuma yake." Mimi ni mtu wa hasira za karibu, wanaonifahamu wanajua. Nilinyoosha mkono nikamwambia, "Korona iliisha mjini, mheshimiwa. Kwetu ipo darasani, inakaa dawati la mbele na la nyuma." Mwalimu wetu wa taaluma, mpole mmoja wa kutoka Kilimanjaro, akanivuta gauni nikae. Baadaye aliniambia nimesema kweli lakini ningesema kwa sauti ya chini.

Mtoto wangu alifaulu. Namwita mtoto wangu, sioni sababu ya kumwita vinginevyo. Kila muhula alikuwa juu. Tangu siku alipompeleka bibi yake hospitali na kuchungulia hadubini maabara, hakutaka kusikia kazi nyingine. "Mama mkubwa," aliniambia njiani, "ndani ya tone moja la damu ya bibi kuna watu wengi kuliko mnada." Alitaka kwenda kidato cha tano, asome kemia na baiolojia, awe mtu wa maabara. Nami nilitaka hivyo kwa nguvu kuliko nilivyowahi kutaka kitu changu mwenyewe.

Ila alikuwa na kitu kingine moyoni. Rafiki yake alikuwa nyuma, tena nyuma sana. Na kidato cha nne kilipofika, baba wa yule binti alikwishasema hadharani, kwa nia njema kabisa kwa jinsi alivyoona mambo: akifaulu ataendelea na shule, asipofaulu kuna watu wa Kimali, ng'ombe wa mahari wapo tayari. Hakuwa mtu mbaya. Alisema hivyo mbele ya binti huku anacheka, kama mtu anayetoa ahadi ya gauni la sikukuu.

Basi mtoto wangu akageuka kumpokea. Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, wawili hao walikaa juu ya magunia ya pamba sebuleni. Nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi, masikio kwao. Alimfundisha kwa Kisukuma, na alimfundishia ng'ombe. Ng'ombe wameingia zizini kwenu, wengine umewahesabu, wengine wamejificha nyuma ya mti, unajua jumla yao wote, waliojificha ni wangapi? Rafiki akajibu papo hapo. "Haya, hao waliojificha ndio eksi," akamwambia. Yule binti alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Kumbe miaka yote hii madam alikuwa anaulizia ng'ombe!" Nilicheka mpaka mama akaja kuangalia kuna nini. Mama alisimama mlangoni akawasikiliza, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu mtoto amelelewa." Mama hasifii watu. Nilijisikia fahari usiku ule, na fahari hiyo bado ninayo, hata sasa ninapojua ilikotupeleka.

Karibu na mtihani tuliwaweka kambini kama ilivyo desturi ya mkoa wetu: wazazi wanachanga mahindi na maharage, watoto wanalala madarasani, walimu tunapokezana kufundisha mpaka koo zinakauka. Hata huko alikuwa hivyo hivyo. Ukimpa zoezi anamaliza, anageuza kiti. Mwalimu wa taaluma alimwonya mara moja, akamwambia, "Binti, sasa kila mtu abebe mzigo wake." Alimjibu kwa adabu, "Ndiyo, mwalimu," na kiti hakikurudi. Mwalimu akaniangalia akitaka nimsaidie. Nilimwambia kwetu tunachuma hivyo. Akatikisa kichwa.

Rafiki alipanda. Hakufika mbali, lakini alitoka kwenye kutojua kabisa akafika kwenye kujua kidogo, na hicho kidogo kilikuwa kimegharimu jasho. Nilipiga hesabu zangu kimoyomoyo nikaona anaweza kuponea chupuchupu.

Siku ya mtihani wa hisabati nilikuwa shambani. Sisi wa shule hiyo haturuhusiwi kusogea. Wasimamizi wanatoka shule nyingine. Nilikuwa nachimba mashimo ya mbegu na mama ananifuata akifukia, ndipo nikamwona mtoto anakuja kwa miguu, baiskeli ameikokota. Sare yake ilikuwa na tope la mbuga hadi magotini. Nilimpungia mkono. Hakupunga.

"Umefanyaje?" nikamuuliza.

"Nilimaliza, mama mkubwa. Nilimaliza mapema, nikarudia, nikaona sijakosea."

"Sasa mbona umenuna?"

Alilaza baiskeli chini. "Nikageuka," akasema.

Sikumwelewa. Mama alielewa kabla yangu, maana aliacha kufukia. Mtoto akaeleza bila kuficha chochote, mikono imelegea. Rafiki yake alikuwa amekaa nyuma yake. Maswali yote yalikuwa kwa Kiingereza kirefu, na yule binti, aliyejua kutafuta ng'ombe waliojificha, hakuweza kuwaona ndani ya yale maneno. Alikuwa analia bila sauti, karatasi nyeupe. Mtoto wangu akachana kipande cha karatasi, akaandika njia za maswali ya mwanzo, akakipeleka nyuma. Msimamizi akakiona. Akakichukua, akawasimamisha wote wawili, wakaandika maelezo, na mkuu wa wasimamizi akayafunga ndani ya bahasha.

"Hukusomewa masharti?" Nilikuwa napiga kelele. Ndege waliokuwa kwenye shamba la jirani waliruka. "Hukujua ni kosa?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini? Kwa nini, mwanangu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu kupita yote ya siku hiyo. "Nilikuwa nimemaliza," akasema. "Yeye alikuwa bado."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote. Mama ndiye aliyemfuata, akamvua viatu vyenye tope, akamwambia aende akale, kuna viazi vya michembe na karanga jikoni. Kisha akarudi kwangu. Nilidhani atanilaumu, au atamlaumu mtoto. Alishika jembe lake akabaki ameliegemea. "Mimi ndiye niliyemfundisha," akasema. Mama yangu hajawahi kusoma hata darasa moja, na nilimwona siku ile amesimama katikati ya shamba lake akijaribu kuelewa ni lini jambo jema linageuka kosa.

Tulingoja. Desemba ilipita, Krismasi tulikula wali na kuku. Nilijipa moyo kwamba msimamizi pengine ana watoto, pengine bahasha itapotea njiani. Mwalimu wa taaluma alikuja nyumbani siku matokeo yalipotoka, hakunipigia simu. Nilipomwona anaegesha pikipiki taratibu, anavua kofia, anaifuta vumbi ambalo halikuwepo, nilijua.

Shule yetu ilikuwa imeshuka tena. Wenye daraja la nne walikuwa wengi, wenye sifuri walikuwa wengi zaidi, na juu palikuwa patupu, maana aliyetakiwa kuwa huko alikuwa mtoto wetu. Matokeo yake yalikuwa yamefutwa. Siyo ya hisabati tu. Yote. Kemia aliyoipenda, baiolojia, vyote havipo, kama mtu ambaye hakuwahi kuingia chumba cha mtihani. Na ya rafiki yake vilevile.

"Angekuwa na daraja la kwanza," mwalimu wa taaluma aliniambia. "Nimemfundisha, najua. La kwanza kabisa." Mpole yule wa Kilimanjaro alilia mbele ya mama yangu, na mama akampa maji.

Nilikwenda kwenye kikao cha mwaka ule nikasikiliza. Mkubwa aliuliza sababu za kushuka, watu wakataja upungufu wa walimu, utoro, chakula. Sikunyoosha mkono. Ningesema nini? Kwamba darasa zima liliachwa nyuma, na mtu mmoja tu aligeuka kulipokea, naye tukamfuta?

Sitaki kumtetea. Mimi ni mwalimu, nimesimamia mitihani ya shule nyingine kwa mkono mgumu, na ningekuwa mimi chumbani mle ningekichukua kile kikaratasi. Ndicho kinachoniuma. Hakuna wa kumkasirikia. Ningempata hata mmoja ningepumua.

Ng'ombe wa Kimali waliingia kwa jirani kabla ya Pasaka. Nilisikia vigelegele nikiwa jikoni. Mtoto wangu alikwenda kumsuka rafiki yake nywele, mtindo ule ule wa zamani, wakakaa mlangoni mchana kutwa. Jioni yake nilimwambia mtihani unaweza kurudiwa, nitamwandikisha, nitamfundisha mwenyewe, mambo hayajaisha. Aliitikia, "Ndiyo, mama mkubwa." Nilinunua vitabu nikaviweka juu ya meza yake. Anavifuta vumbi kila asubuhi anapofagia, anavirudisha palepale.

Likizo ya Juni nilikwenda naye kuchuma. Mama hawezi tena, anakaa nyumbani kuchambua fifi. Nikaanza mstari wangu, naye wake, na mikono yake haikuwa imesahau kitu. Muda mfupi tu nikaona mgongo wake unazidi kuwa mdogo mbele yangu. Kiuno kilinibana. Nilijiambia vumilia kidogo, anakuja.

Alifika mwisho. Nilimwona akifunga mdomo wa gunia lake. Nikangoja ageuke, na hakugeuka. Alisimama pale ukingoni, mikono imening'inia, akatazama kulia, akatazama kushoto, shambani hapakuwa na mtu ila sisi wawili.

"Mama mkubwa," akaita.

"Naam."

"Inaruhusiwa nije nikupokee?"

Hakuwahi kuuliza hilo tangu alipoweza kushika kitumba. Nilimwita kwa mkono aje. Alikuja akichuma polepole upande wake, nami upande wangu, mpaka tukakutana. Nilingoja mchezo wake. Alipokea mzigo wangu akainama kuufunga. Basi nikachukua kipande cha pamba nikamrushia mimi. Kilimwangukia begani, na alitembea nacho hivyo mpaka nyumbani.